Folda ya Waliopotea

Duka la Mzee Mulji liko Mlandege, na kazi yake kubwa ni misiba. Tunachapa ratiba za mazishi, tunakuza picha za marehemu na kuzitia kwenye fremu, tunaandika majina kwenye misalaba. Watu wengi wa Iringa wakifiwa hupita kwetu kabla hata hawajatafuta maturubai. Tangu Nidhi, binti wa mwisho wa Mzee Mulji, arudi kutoka masomoni Dar es Salaam, tuna tovuti pia. Kila tanzia tunayochapa inaingia humo, na kila ndugu anayetajwa kwenye tanzia anapewa ukurasa wake, ili watu walio mbali wasome kwenye simu nani amefariki, ameacha nani na amelala wapi.

Mimi ndiye ninayeandika humo. Nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri, lakini kompyuta nilifundishwa na Nidhi.

"Dada Eveline, jina la mtu usiliandike kwa mkono," aliniambia siku ya kwanza. "Chagua mtu kwenye orodha, mfumo utaandika wenyewe. Hiyo ndiyo linki."

"Kuna tofauti gani? Jina si jina."

"Linki haishiki jina. Kila ukurasa una namba yake, na linki inashika namba. Ukibadilisha jina kwenye ukurasa, au ukiuhamisha ukurasa, popote pale mtu huyo alipotajwa panabadilika penyewe."

Sikumwelewa mpaka alipofariki mzee mmoja wa Kalenga. Nidhi alichukua ukurasa wake kutoka folda ya Walio Hai akauweka kwenye folda ya Tanzia, akabonyeza mara moja. Halafu akanifungulia ukurasa wa binti yake, wa mdogo wake, wa mjukuu wake aliyekuwa amefunga ndoa. Kote mbele ya jina la mzee palikuwa pameingia neno hayati. Hakuna mtu aliyepita kuliandika. Nilihisi kama natazama nyumba kwa mbali usiku, taa zinazimwa chumba baada ya chumba, na ndani hamna anayetembea.

"Na ukikosea?" niliuliza.

"Inafuata tu. Yenyewe haijui kukosea."

Folda zilikuwa mbili, Walio Hai na Tanzia. Ya tatu, Waliopotea, Nidhi aliitengeneza kwa ajili yangu, na ndani yake kulikuwa na ukurasa mmoja tu: wa mume wangu, Zabron Kalinga.

Zabron alikuwa mpiga picha wa duka. Masika ya mwaka jana alitumwa kupiga picha za msiba Ruaha Mbuyuni, akaenda na Anord, dereva wetu. Kabla hawajafika, korongo lilikuwa limejaa na Anord akajaribu kuvuka. Gari lilionekana kesho yake limelala ubavu kwenye mchanga, Anord yumo ndani, mlango wa upande wa Zabron uko wazi. Tulitafuta kando ya mto hadi maji yakapungua. Pale Ruaha Mbuyuni niliuliza barabarani mimi mwenyewe. Wakasema ndiyo, kuna mwili uliokutwa umenasa kwenye matete chini ya mashamba ya vitunguu, ila una wenyewe na umeshazikwa. Ukiambiwa maiti ina wenyewe, huulizi mara ya pili. Unatoa pole na kuondoka.

Kwao Zabron ni Mbalizi, upande wa Mbeya. Baba mkwe wangu, Mzee Kalinga, hakuwa mtu wa maneno mengi. Katika ukoo wao, mtu asiyepatikana huzikwa kwa mgomba. Wanaukata mgomba wa urefu wake, wanauvisha sanda, wanaushusha kaburini, na mke ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Asipotupa yeye, pale pamezikwa mgomba tu. Baba alinipigia mara kadhaa mwaka ule na kila mara nilimjibu tusubiri kidogo. Mvua zilipokaribia tena akapiga, na safari hii hakuuliza.

"Jumamosi," alisema. "Watu wameshaambiwa. Mimi nami nazeeka, mwanangu. Siwezi kufa nikiwa na mtoto asiye huku wala kule."

Nilimwambia nitafika. Sikumwambia kama nitatupa udongo. Nilijua kwamba nikishautupa, nitarudi Iringa na itanibidi niuhamishe ukurasa wa Zabron kwa mkono wangu, kutoka Waliopotea kwenda Tanzia, na neno lile litaenda kukaa mbele ya jina lake kila mahali. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nafungua ukurasa wangu mwenyewe nisome mstari mmoja: Mume: Zabron Kalinga. Jina halina kitu mbele. Nikishauona ndipo naweza kuanza kuandika wafu wa watu wengine.

Jumatano ya wiki hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mjini na duka lilikuwa baridi. Nilifungua ukurasa wangu. Ulisomeka: Mume: hayati Saulo Chengula.

Niliusoma tena. Nikafikiri nimefungua ukurasa wa mtu mwingine, lakini picha ilikuwa yangu na jina langu lilikuwa pale juu. Nikaenda kwenye tanzia moja ya zamani, ya bibi wa Kihesa ambaye Zabron alimpiga picha kabla hatujaoana. Chini ya picha paliandikwa: Picha: hayati Saulo Chengula. Nikafungua nyingine, na nyingine. Misiba yote ambayo Zabron alisimama na kamera yake, sasa alikuwa amesimama mtu huyu nisiyemjua. Hata kwenye ukurasa wa Mzee Kalinga wa Mbalizi ilisomeka kwamba mwanawe wa pili ni hayati Saulo Chengula.

Simu ikaita. Alikuwa binamu yake Zabron, yuko Mbeya mjini, mtu wa utani.

"Shemeji, kumbe ulishaolewa tena na wala hatujala pilau? Halafu bwana mwenyewe naye kafa?"

"Ni makosa ya kompyuta, shemeji."

Akacheka, halafu akaacha. "Hayo makosa yaondoeni haraka. Baba akiyaona siku hizi mbili tatu, sijui."

Nidhi alipofika nilimgeuzia kioo. Alisimama na mkoba wake begani akisoma, halafu akaketi.

"Tanzia ya Saulo Chengula nimeiandika mimi jana," alisema. "Mama yake alikuja kuandikisha msalaba."

Dukani kwetu tuna mtindo wa kutoandika tanzia mpya kutoka mwanzo. Tunachukua ya zamani, tunabonyeza nakili, kisha kwenye ile nakala tunafuta jina na kuandika jipya. Inaokoa muda. Lakini kitufe cha nakili na kitufe cha hariri viko jirani. Ukibonyeza hariri hutengenezi ukurasa mpya. Unamwandika marehemu juu ya mtu aliyekuwapo. Namba inabaki ile ile, na linki zote zinamfuata mgeni.

"Basi ulibonyeza hariri," nilisema.

"Inawezekana. Nimeshawahi." Alikuwa anatazama kumbukumbu za mfumo, mahali panapoonyesha nani amegusa nini. "Lakini dada, mimi nilichukua tanzia ya yule mwalimu wa Ipogolo iwe mfano wangu. Naikumbuka kwa sababu ya maua pembeni. Sikuingia Waliopotea. Ningeingia huko kutafuta nini?"

"Imeandikaje?"

"Imeandika ni mimi, na nilipitia Waliopotea." Akanigeukia. "Usinitazame hivyo. Nisingemgusa Zabron."

Nilimwamini. Nidhi alimwita Zabron kaka tangu akiwa sekondari.

"Nirudishe sasa hivi? Ukurasa wa zamani upo, mfumo unautunza. Ni kubonyeza tu."

Mkono wake ulikuwa umeshafika. Nikamwambia ngoja, maana nilikuwa nimeanza kuisoma tanzia yenyewe. Saulo Chengula, mkulima wa vitunguu, mwenyeji wa Ruaha Mbuyuni, alichukuliwa na mto katika masika ya mwaka jana alipokwenda kuondoa mashine ya kumwagilia. Mwili ulipatikana kwenye matete. Msalaba wake utasimikwa Jumamosi. Nikatazama tarehe aliyozikwa. Ilikuwa ndani ya wiki ile ile tuliyokuwa tunatembea kando ya mto tukiita jina la Zabron.

Mzee Mulji alikuwa amekuja nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Yeye husoma kila tanzia inayotoka dukani kwake, hata kama hamjui mtu.

"Mama huyu ni wa ajabu kidogo," alisema. "Nikamwuliza, mama, picha ya mazishi unayo, tuiweke? Akasema hakutaka yapigwe picha. Mtu wa Ruaha Mbuyuni, mtoto wa kiume mkubwa, hakutaka picha."

"Baba," Nidhi alisema kwa sauti ya chini, kama kumzuia.

"Nasema nilichosikia." Akaweka kikombe. "Eveline, binti yangu, leo duka nitakaa mimi. Basi za Morogoro bado zinapita."

Kutoka Iringa unashuka, na kadiri unavyoshuka unavua nguo. Nilipoteremka Ruaha Mbuyuni sweta nilikuwa nimelishika mkononi. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na magunia ya vitunguu na ndoo za nyanya, na wauzaji wakakimbilia dirisha la basi nililotoka. Nilimwuliza mwanamke mmoja nyumba ya mama Saulo. Alinionyesha kwa kidevu, mtaa wa nyuma, upande wa mto.

Mama Bertha Chengula alikuwa uani anakata mikia ya vitunguu kwa kisu kifupi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, kichwani kitambaa cha umoja wa wanawake wa Kilutheri. Pembeni ya ukuta msalaba wa saruji ulikuwa umelazwa juu ya matofali, na herufi zake nilizitambua. Zilikatwa dukani kwetu.

"Kamwene, mama," nilisema.

"Kamwene." Alinitazama toka miguuni hadi usoni, akaweka kisu chini. "Umetoka Iringa."

"Ndiyo. Natoka duka la Mulji. Kwenye tanzia yako pametokea makosa, nikaona nije—"

"Nilijua mtu atakuja," alisema. "Nilidhani atakuwa mama yake."

Jua lilikuwa kali lakini mikono yangu ilikuwa baridi kama bado niko Mlandege. Nikasema mama yake alifariki zamani.

"Na wewe ni nani yake?"

"Mke wake."

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akatangulia. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kabla ya mashamba, palipoinuka ili maji yasifike. Udongo ulikuwa umedidimia kidogo kama inavyokuwa baada ya mwaka. Lilikuwa limefagiwa. Chini kidogo matete yalianza, na nyuma yake mto ulipita bila kelele.

"Walimleta kwenye turubai," mama Bertha alisema. "Uso haukuwapo. Samaki, mawe, sijui. Wanaume wote walirudi nyuma kwa sababu ya harufu. Nikasema nipisheni, nitamwogesha mimi. Saulo nimemzaa, miguu yake naijua kama naijua yangu. Nikafika kwenye miguu." Alionyesha mguu wake mwenyewe. "Mguu wa kushoto wa huyu, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba. Kimelala pale kama mtoto mgongoni."

Niliketi chini. Viatu vya Zabron nilivinunua mimi tangu tuoane. Kwa ajili ya kidole hicho ilibidi cha kushoto kiwe kipana, na muuzaji hakubali kuuza viatu viwili vya saizi mbili, hivyo tulikuwa tunanunua vikubwa vyote na kukijaza pamba kile kingine. Hakuna mtu Ruaha Mbuyuni ambaye angeweza kulijua hilo.

"Kwa nini ulisema ni wako?" nilimwuliza hatimaye. Sikuuliza kwa hasira. Sikuwa na nguvu za hasira.

"Askari alisema asiyetambuliwa atafukiwa na halmashauri jioni ile ile, kwa sababu ya joto. Bila jina, bila wimbo. Nikasema ni wangu. Nilitamka kabla sijafikiri." Alichuchumaa akang'oa jani moja lililoanza kuota juu ya kaburi. "Baadaye nikafikiri. Nikasema, nikimwogesha vizuri mtoto wa mwenzangu, labda huko Saulo aliko na yeye atapata mtu."

"Sisi tulikuja kuuliza."

"Najua. Nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti ya mwanamke barabarani, wakamjibu kwamba ina wenyewe. Nilitaka kutoka." Aligusa goti lake. "Hili likakataa. Nikajiambia atarudi. Hukurudi."

Tulikaa. Watu waliopita na majembe walitusalimu wakidhani mimi ni shoga yake nimekuja kuhani.

"Utamchukua?" aliuliza.

Nilitoa simu nikampigia baba mkwe. Niliweka sauti ya nje ili mama Bertha asikie, maana lilikuwa kaburi lake pia. Nilimweleza Mzee Kalinga yote kwa mfululizo, tangu ukurasa hadi mguu. Nikasikia kuku wa kwake nyuma.

"Kidole hicho mama yake alikuwa anakifunga uzi," alisema. "Akiwa mchanga. Kila asubuhi anakuta kimepanda tena." Akavuta pumzi. "Kichwa kimeelekea wapi?"

Nilimtazama mama Bertha. "Mlimani," alisema.

"Mlimani, baba."

"Aliogeshwa?"

"Aliogeshwa."

"Kuna mtu aliyelia? Kulia kweli?"

"Nililia mimi," mama Bertha alisema, akaisogelea simu. "Sikuacha mpaka mvua zilipoisha. Nilikuwa nachanganya, baba. Nalia wangu, nalia wenu, sijui ni yupi wakati gani."

"Basi huyo amezikwa," Mzee Kalinga alisema. "Hatufukui mtu aliyezikwa. Ndaga, mama. Asante." Kisha akaongea kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Ila mgomba tumeshaukata leo. Umelala ndani, una shuka. Mgomba ukishakatwa kwa ajili ya mtu haurudi kuwa mgomba. Na hatuwezi kuuzika kwa mtu mwenye kaburi. Tutakuwa tunamwita atoke alipo."

Mama Bertha alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja.

"Mwambie wangu hana kaburi," alisema.

"Nimemsikia," alisema baba. "Mlete."

Jioni ile mama Bertha aliwaambia ndugu zake kwamba msalaba una ufa na itabidi urudishwe Iringa, kwa hiyo shughuli ya Jumamosi imeahirishwa. Mdogo wake aliupapasa msalaba wote na kusema mbona haoni ufa. "Macho yako yalishawahi kuona nini?" alimjibu.

Mbalizi Jumamosi ilikuwa na manyunyu. Mama Bertha alivaa sweta langu na juu yake koti tuliloazimwa na Mzee Mulji tulipopita Iringa, na bado alitetemeka; mtu wa Ruaha Mbuyuni hakuumbiwa baridi ile. Mgomba ulitolewa ndani na vijana wanne. Ulikuwa umefungwa shuka jeupe, umefungwa kamba mahali pa shingo na mahali pa miguu. Walipofika katikati ya uwanja wakasimama wabadilishane mabega.

"Huu ni mzito," mmoja alisema.

"Mgomba una maji, wewe."

"Nimebeba migomba tangu utoto. Huu ni mzito."

Mzee Kalinga alisimama penye shimo, kofia mkononi, mvua inampiga kwenye upara. Aliwaambia watu kwamba Zabron amepatikana, amelala Ruaha Mbuyuni, ameogeshwa na kuliliwa na mama huyu hapa. Aliyeko mbele yao ni Saulo Chengula, mtoto wa mama huyu, ambaye mto haujamrudisha. Amekuja kulala Mbalizi.

Watu walitazamana. Shangazi yake Zabron, ambaye alikuwa ameshaanza kuomboleza tangu getini, alikatisha kilio.

"Sasa mimi nilikuwa namlilia nani?"

"Endelea tu, dada," alisema Mzee Kalinga. "Watagawana."

Mama Bertha aliinama akachukua udongo mweusi, wa kule, si mchanga aliouzoea. Aliushika kwa muda. Alimwita mwanawe kwa Kihehe, taratibu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili na hutaki kuwaamsha wengine, kisha akaufungua mkono. Mimi nilisimama nyuma yake. Siku ile sikutupa chochote. Nilitazama shuka likibadilika rangi kidogo kidogo, na mwili wangu ulianza kulia wenyewe, nikauacha.

Jumatatu Nidhi alikuwa amefika dukani kabla yangu. Alikuwa ameuacha ukurasa ule vile vile tangu Jumatano. Hakuugusa, na wala hakumruhusu baba yake auguse.

"Nirudishe?" aliuliza.

"Kwanza mtengenezee Saulo wa kwake. Usinakili. Anza na ukurasa mtupu."

Alianza na ukurasa mtupu. Aliandika polepole, kila neno ananisomea. Mahali alipolala aliandika Mbalizi, Mbeya, akanitazama, nami nikaitikia. Kisha akabonyeza, na ukurasa wa zamani ukarudi kwenye kioo: Zabron na shati lake la mistari, Waliopotea. Alisogeza kiti akaniachia nafasi.

Nilichagua Tanzia. Mfumo ukauliza kama nina uhakika. Nilijaza mahali alipolala, nikaandika Ruaha Mbuyuni, kisha nikakubali. Baada ya hapo nilifungua tanzia za watu mmoja mmoja na kutazama chini ya picha. Hayati Zabron Kalinga. Hayati Zabron Kalinga. Nilifika hadi kwa bibi wa Kihesa. Kwenye ukurasa wangu neno mume lilikuwa limebaki, na jina lake likiwa na lile neno mbele. Nilidhani nitashindwa kulitazama. Nililitazama.

"Dada," Nidhi alisema. Alikuwa kwenye kompyuta ya pili anapitia kurasa za kina Chengula. "Njoo uone hapa."

Ulikuwa ukurasa wa mama Bertha. Nidhi aliutengeneza wiki iliyopita pamoja na ile tanzia, na mstari wa mtoto aliufunga kwenye namba ya ukurasa aliokuwa ameuandika. Namba ile ilikuwa ya Zabron. Sasa tulipomrudisha Zabron, linki ilimfuata. Ilisomeka: Mtoto: hayati Zabron Kalinga.

"Nimeielewa," Nidhi alisema haraka. "Hii haina maajabu, ni linki tu. Naiondoa."

Nikamwambia asubiri. Nilimpigia mama Bertha. Alipokea akiwa shambani; nilisikia mashine ya maji. Nilimsomea ulivyoandikwa.

Alimwambia mtu azime mashine, na mlio ukafa, pakabaki upepo.

"Saulo hamjamtoa?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tunamwandika sasa."

"Mwandike juu, yeye ni mkubwa," alisema. "Huyo wa pili mwacheni alipo."

Nidhi alimwandika Saulo juu, kwa kumchagua kwenye orodha. Akahifadhi.